Mwanangu wa miaka 16 kaambiwa atafika AFL, sasa anataka kuacha shule

Swali: Habari kaka. Mimi ni mama wa watoto watano, sisi ni Wakongo, tuko Perth, tulitokea kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu wa tatu ana miaka 16, anacheza huu mpira wao wa Australia, ni mrefu na mbio anazo kweli. Kocha wake kaniambia akiendelea hivi anaweza kuchukuliwa AFL, ile ligi yao kubwa. Tangu siku hiyo mtoto anasema shule haina faida, anataka aache mwaka huu wa 11 afanye mazoezi tu, anasema kuna mchezaji alizaliwa kambini Kakuma na leo ni tajiri. Kuna mtu ametupigia anajiita wakala anataka tusaini karatasi. Hii ni kazi kweli ya mtu kutegemea? Na kichwa je, maana nasikia habari za kutisha. Halafu klabu wamempa karatasi ya chakula, hamna hata ugali.

Jibu:

Salama dada yangu, na pole kwa kubeba hayo yote kichwani peke yako. Mimi nimefanya kazi na vijana wa futi (ndo tunavyouita wote huku, tofauti na soka) zaidi ya miaka kumi, kazi yangu ni viungo, nawafunga bendeji, nawarudisha uwanjani wakiumia, kwa hiyo nawaona siku wanapoingia na siku wanapotoka, na wanapotoka ndo sehemu ambayo familia zetu haziambiwi. Nitakujibu kwa urefu manake swali lako ni kubwa.

Ndiyo, ni kazi. Tena ni kazi inayolipa vizuri kuliko nyingi hapa nchini, mkataba wa sasa kati ya ligi na chama cha wachezaji unafika mpaka 2027 na kwa mwaka huo wastani wa mshahara umepangwa kuvuka dola laki tano. Ila wastani ni kitu cha kuangalia kwa makini, kuna mkubwa anachukua milioni anavuta wastani juu, na kijana aliyeingia jana anaanza na sehemu ndogo tu ya hiyo pesa. Klabu ziko 18, kila moja ina wachezaji arobaini na kidogo, yaani nchi nzima kazi zenyewe ni kama 800 hivi, na kila Novemba kwenye drafti ya taifa, yaani siku klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, wanaitwa vijana kama 60 au 70 tu. Hapo hapo idadi inayokaribiana na hiyo inaondolewa ili kupisha, manake nafasi haziongezeki. Kwa hiyo kocha hajakudanganya akisema anaweza, lakini anaweza na atafika ni maneno mawili tofauti kabisa.

Sasa huyo wa Kakuma, kijana wako anamsema Aliir Aliir na kwenye hilo yuko sahihi, kazaliwa Kakuma mwaka 1994, wazazi wake ni wa Sudan Kusini, akaja Australia akiwa mtoto mdogo wakakaa Brisbane. Mimi napenda sana watoto wetu wakimtaja, ila naomba wamtaje na hadithi yote. Huyu alianza kucheza futi akiwa na karibu miaka 14, akahamia huko huko kwenu Perth akacheza East Fremantle, mwaka 2013 Sydney Swans wakamchukua akiwa namba 44 kwenye drafti. Halafu nini kikatokea? Akakaa. 2014 akacheza timu ya akiba, 2015 timu ya akiba, mechi yake ya kwanza ya ligi kubwa ni 2016. Mwaka huo huo akacheza vizuri mpaka timu ikaingia hatua za mwisho, kwenye nusu fainali ya kuingilia Grand Final, yaani fainali kuu, akaumia goti, wenzake wakaenda kucheza mbele ya watu karibu laki moja pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, yeye hayumo. Mwishoni mwa 2020 akahamishiwa Port Adelaide, klabu nyingine ya ligi, na msimu wa kwanza tu kule, 2021, akachaguliwa timu ya All-Australian, yaani wachezaji bora wa ligi nzima wa mwaka. Hesabu mwenyewe dada, kutoka drafti mpaka hapo ni miaka minane, na katikati yake kuna vipindi ambavyo hakuna mtu alikuwa anamjua. Muulize kijana wako hayo miaka miwili ya timu ya akiba yeye angeyakaa vipi, sikiliza jibu lake, litakuambia mengi kuliko mbio zake.

Shule. Hapa nitasema wazi bila kuzunguka: asiache. Na sababu yangu sio ile ya wazee kwamba elimu ni ufunguo, sababu ni sheria za ligi zenyewe. Klabu haiwezi kumchukua kijana kwenye drafti mpaka mwaka ule anaofikisha miaka 18, na drafti inafanyika Novemba, baada ya msimu na wakati shule ya mwaka wa 12, ule wa mwisho, imekwisha au mitihani ndo inaisha. Kwa hiyo akiacha leo hawahi chochote, hakuna mlango unaofunguka mapema, atakuwa amekaa nyumbani mchana anasubiri mazoezi ya jioni ambayo angeenda hata kama angetoka shule. Mazoezi ya vijana wa umri wake ni jioni, mechi ni wikendi, mfumo mzima umejengwa ukijua mtoto yuko shule. Na klabu zinapochagua zinafanya mahojiano, zinampigia mwalimu, zinampigia kocha, zinakuja mpaka nyumbani kukaa kwenye kochi lako, zinataka kujua huyu mtoto akipewa jambo gumu la kuchosha analimaliza au analikimbia. Kijana aliyeacha shule katikati anakuwa ameshajibu hilo swali kabla hawajauliza.

Nikupe moja niliyoiona kwa macho yangu. Mwisho wa msimu kila klabu inaita mchezaji mmoja mmoja ofisini, ni kikao kifupi sana, dakika kumi. Kuna kijana, jina lake ni lake silitaji, alikuwa na miaka 21, alikaa kwenye klabu miaka mitatu na mechi za ligi kubwa alizocheza zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alitoka kwenye kikao akaja moja kwa moja chumbani kwangu, akapanda kitandani kama siku zote, akanyoosha kifundo cha mguu nimfunge, na mimi nikamfunga, wala hakukuwa na mazoezi siku ile, tulikuwa tumekaa tu. Wiki mbili baadaye akaja tujaze naye fomu ya chuo cha ufundi, tulipofika pale panapouliza umesoma mpaka darasa la ngapi akaniuliza aandike nini, manake aliacha mwaka wa 11. Alikuwa na mkono mzuri wa mpira kuliko vijana wengi waliopita pale. Leo ana maisha yake mazuri tu, ila ilimchukua miaka miwili kurudi nyuma kumaliza kitu ambacho kingemchukua mwaka mmoja akiwa na miaka 17.

Hilo linanipeleka kwenye mikataba. Anayechukuliwa drafti anapata miaka miwili ya kwanza, wale wa raundi ya kwanza siku hizi wanapata mitatu. Baada ya hapo ni upya, na upya tena, mwaka mmoja mmoja kwa wengi. Na hachagui mji, hii familia zetu inawashtua sana. Timu iliyomaliza chini ndo inachagua kwanza, ikimtaja yuko kwake, anaweza akatoka Perth akapelekwa Sydney au Gold Coast ndani ya wiki. Mac Andrew ni mfano mzuri, wazazi wa Sudan Kusini, kazaliwa Misri, kakulia Melbourne na alikuwa kwenye akademi ya klabu ya Melbourne, yaani mpango wake wa kulea vijana, kila mtu akijua ndo atakapokwenda, mwaka 2021 sheria ya wakati ule ilikuwa inaizuia klabu kumdai kijana wake wa akademi kama ametajwa ndani ya 20 bora, Gold Coast wakamtaja namba 5, basi akafunga mizigo kwenda Queensland. Kwake imemwendea vizuri sana, ila ungekuwa wewe ndo mama yake ungehitaji kuwa umejiandaa. Klabu huwa zinamtafutia kijana familia ya kukaa nayo mwaka wa kwanza, watu wazuri kwa kawaida, lakini ni nyumba ya watu wengine yenye chakula kingine na lugha nyingine.

Nimetaja akademi. Uliza klabu kama kijana wako anaingia kwenye Next Generation Academy, ni mpango ulioanza 2016 kwa ajili ya vijana Waaborijini na vijana wa familia zilizotoka nje kama Afrika na Asia, West Coast na Fremantle, klabu mbili za AFL za huko kwenu, zote zinao. Ni mazoezi ya ziada ya bure na makocha wa klabu kubwa, na wengi wetu hatuingii kwa sababu hakuna aliyetuambia tupo kwenye orodha ya wanaostahili. Na kwenye gharama za kawaida, ada ya klabu na daluga, serikali ya Western Australia ina mpango unaitwa KidSport kwa familia zenye kadi ya unafuu ya serikali (concession card), ukiwa na hiyo kadi usilipe mfukoni kabla hujauliza.

Wakala: msisaini. Wakala halali wa AFL lazima awe amethibitishwa na chama cha wachezaji, AFLPA, na majina yao yanapatikana, kwa hiyo kwanza muulize huyo bwana namba yake ya uthibitisho ni ipi halafu mpigie AFLPA wenyewe uulize. Kikubwa zaidi, mshahara wa msingi wa mkataba wa kwanza wa drafti umeshapangwa kwenye makubaliano ya ligi, hakuna wakala anayeweza kumpandishia, kwa hiyo hakuna haraka yoyote, na akikwambia kuna haraka ujue ni yake yeye. Kuna familia naifahamu ilisaini karatasi ya namna hii ikawa inalipia mazoezi maalum kila mwezi, wanadhani ndo njia ya kufika. Njia inapita kwenye klabu yake ya WAFL, ile ligi ya jimbo lenu, timu ya vijana ya Colts, na timu ya jimbo ya chini ya miaka 18. Huko ndo macho ya wachaguzi yalipo, na huko hakuna anayeuza tiketi.

Sasa kichwa. Umeuliza vizuri na sitakupoza. Huu ni mchezo wa kugongana, wachezaji 18 kila upande kwenye uwanja wa duara mkubwa kuliko wa soka, mtu anakuja kutoka pande zote, na kijana mrefu kama wako atawekwa kwenye nafasi ya kuruka juu kudaka mpira macho yake yakiwa angani na mwili wazi. Kila ukipita kwenye Graham Farmer Freeway hapo mjini kwenu, huyo Farmer ni mchezaji, Polly Farmer, mmoja wa wakubwa kabisa katika historia ya mchezo, mtu wa Perth. Alifariki 2019, na walipouchunguza ubongo wake wakatangaza mwaka 2020 kwamba alikuwa na ugonjwa unaoitwa CTE, ule unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi miaka mingi, ndo mchezaji wa kwanza wa ligi hii kuthibitishwa. Na Februari 2024 Angus Brayshaw wa Melbourne alistaafu akiwa na miaka 28 tu, madaktari walimwambia basi, baada ya kugongwa kwenye mechi ya hatua za mwisho za 2023.

Hayo sikuambii umtoe. Wangu mwenyewe anacheza, nimekaa nimepima nikamruhusu, ila nimemruhusu kwa masharti na nakuomba uwe nayo. Mtoto akigongwa kichwa akaonekana ametikisika, hata kama anasema yuko sawa, hata kama ni fainali, anatoka na harudi siku hiyo. Kwenye ngazi ya jamii mwongozo wa sasa ni siku 21 kwa uchache kabla ya kurudi kwenye mechi, na anatakiwa awe amekaa wiki mbili bila dalili yoyote kabla ya mazoezi ya kugongana, na daktari aandike. Zile kofia laini watoto wanavaa hazizuii ubongo kutikisika, zinazuia michubuko, na kinga ya meno inalinda meno. Kinacholinda ubongo ni kupumzika mpaka upone kabla haujagongwa tena. Watoto wetu wanaficha, nakwambia kwa uzoefu, kichwa kinamuuma anasema hapana kwa sababu Jumamosi kuna mchaguzi anakuja. Wewe ndo utamjua nyumbani, taa inamkera, anarudia swali alilouliza sasa hivi, analala mchana kijana ambaye halali mchana. Ukiona hivyo piga simu kwa kocha wewe mwenyewe, usimtume yeye.

Goti na nyama za paja ni kitu kingine, vinauma na vinakula muda, kano ya mbele ya goti ikikatika ni karibu mwaka mzima nje, lakini vinapona na tunajua kuvitibu. Mtu mrefu anayekua bado ndo anahitaji mtu wa kumwangalia mzigo wa mazoezi. Akiwa shule anacheza basketi, klabuni futi, na timu ya jimbo juu yake, hapo ndo wanakatika. Kila kocha kati ya hao watatu anadhani yeye peke yake ndo anamchosha. Andika kwenye karatasi siku za wiki na kila alichofanya, wape wote waone.

Kuna jambo hukuliuliza ila wewe ni Mkongo na nadhani litakufikia. Ngozi. Heritier Lumumba, baba yake ana asili ya Kongo na Angola, mama Mbrazili, alicheza Collingwood kuanzia 2005, akachukua ubingwa wa 2010, mwaka huo huo akaingia All-Australian, na kwa miaka ndani ya klabu ile wenzake walikuwa wanamwita jina la nyani. Aliposema watu wengi hawakumwamini. Mwaka 2021 ripoti huru iliyofanywa kuhusu klabu hiyo ikasema ubaguzi ulikuwa wa mfumo mzima, sio wa mtu mmoja. Ligi imebadilika tangu hapo, sheria ya kukataza matusi ya rangi ipo tangu 1995, vijana weusi ni wengi zaidi sasa, lakini uwanjani na mitandaoni bado yapo. Asiambiwe avumilie kimya, tena asiambiwe na wewe. Akitukanwa amwambie refa hapo hapo, na wewe uandike barua kwa klabu siku hiyo hiyo ikitaja saa na ilikuwa robo ipi kati ya robo nne za mechi, manake malalamiko ya mdomo yanapotea. Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum na kufungua mlango kwa Wasudan kwenye ligi hii alipocheza mara ya kwanza 2013 akafunga goli kwa teke lake la kwanza, alipitia kipindi kigumu sana cha akili mwaka 2018 akaumia vibaya, na 2020 akarudi kucheza, na baadaye amelizungumzia hadharani. Namshukuru sana kwa hilo, wavulana wetu wanamsikiliza yeye kuliko mimi na wewe. Kila klabu ya AFL ina mwanasaikolojia, lakini kijana wa 16 kwenye klabu ya mtaani hana, ana wewe, kwa hiyo njia ya mazungumzo iwe wazi, hata ya kwenye gari tu mnaporudi mazoezini.

Kama una binti naye anarukaruka, mpeleke pia. AFLW, ligi ya wanawake, ipo tangu 2017, na Akec Makur Chuot aliyepitia kambi ya Kakuma na kukulia Perth amecheza Fremantle, Richmond na Hawthorn.

Mwisho chakula, na hapa nimefurahi kuulizwa manake mimi ni mtu wa Kigoma. Hiyo karatasi inasema pasta, wali, viazi, sivyo? Inachotafuta ni wanga wa kumpa nguvu, na ugali ni wanga, hauna kosa lolote. Kijana anayecheza katikati anaweza kukimbia kilomita 12 na zaidi kwenye mechi moja, lazima ale, na siku mbili kabla ya mechi aongeze. Dagaa ni protini na kalsiamu ya mifupa, huyo anarefuka bado, mpe dagaa. Maharage, mayai, samaki, kuku, vyote. Mawese punguza siku za karibu na mechi, sio mabaya, ila mafuta yanakaa tumboni muda mrefu. Mechi ikiwa saa nane mchana ale vizuri saa nne au kabla, halafu ndizi na maji tu mpaka mwanzo. Sombe (kisamvu) mpikie jioni baada ya mechi, mwingi, na ukienda klabuni mwambie mtaalamu wao wa chakula hivyo vyote mnavyokula nyumbani, aviandike kwenye hiyo karatasi kwa majina yake.